Makofi ya Bondeni

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwa woga, hapana. Ni kwamba kutaja jina la nchi ndani ya hadithi kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa wiki hii kwa sherehe za kuadhimisha kufunguliwa kwake. Nitakachosema ni kwamba ni nchi yenye amani kubwa mno. Amani imetapakaa kila kona, na pale ilipo nyingi zaidi huwekwa askari wenye virungu wailinde isije ikaibwa.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Siwema Kalunde, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Akiwa na miaka ishirini na saba aliwasomea watoto wa darasa la sita ibara ya katiba inayosema kila raia ana haki ya kukusanyika na wenzake na kusema lililomo moyoni mwake. Kesho yake alifika afisa elimu na chapa mpya ya katiba, ambayo kwenye ukurasa ule ilikuwa na picha ya twiga. Mwalimu akaulizwa kama anaiona hiyo ibara yake. Akasema anaona twiga. Akafukuzwa kazi kwa kosa la kuwafundisha watoto mambo yasiyomo kitabuni.

Tangu siku hiyo akaanza kuandamana. Aliandamana kudai haki ya kuandamana, maana madai mengine yote yalikuwa yamepanga foleni nyuma ya hilo. Si kwamba nchi ile ilikataza maandamano. La hasha! Ilikuwapo Fomu Namba Tisa, ambayo mwandamanaji alitakiwa aijaze vizuri kisha ampelekee yule anayeandamaniwa, naye aweke sahihi kuthibitisha kwamba anastahili. Kwa miaka thelathini na minne hakupatikana kiongozi hata mmoja aliyejiona anastahili, kwa hiyo Mwalimu Siwema alitoka barabarani bila fomu, na kopo la rangi lililokatwa kitako akilitumia kama kipaza sauti, na akakamatwa mara arobaini na moja.

Mara ishirini na nane kati ya hizo alikamatwa na mtu mmoja, Afande Kitwana Mbelwa. Wawili hao walizeeka pamoja. Afande alijua kwamba Mwalimu ana kisukari, basi akimkamata alimletea chai isiyotiwa sukari, na Mwalimu alijua kwamba Afande anaumwa goti, basi wakipandisha ngazi za kituo alimsubiri. Ungewaona ungedhani ni mtu na shemeji yake.

*

Sasa ikatokea kwamba Serikali ikamsikia.

Waziri wa Utulivu na Maoni alifika Bondeni, mtaa aliokuwa akikaa Mwalimu Siwema, akiwa na magari kumi na manne na bendi ya tarumbeta. Bondeni ni mtaa ambao peke yake ni kata nzima, wenye nyumba mia nne na kumi na mbili, za tofali za kuchoma na mabati yenye kutu, uliobanwa kati ya reli na shule. Watu walitoka nje wakiwa na mikono ya unga na povu la sabuni. Waziri akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," akasema, "Serikali yenu ni sikivu. Ina masikio, na masikio yenyewe yanafanya kazi. Kwa miaka thelathini na minne mama yetu huyu, Mwalimu Siwema Kalunde, amekuwa akituuliza: jamani, watu waandamane wapi? Ni swali zuri. Ni swali la kitaalamu. Tumelifanyia utafiti, tumelifanyia semina, tumelifanyia ziara ya mafunzo nchi za nje. Leo nimewaletea jibu!"

Pazia likavutwa na ramani ikaonekana. Utajengwa Uwanja wa Taifa wa Uhuru wa Kujieleza, wenye viti elfu ishirini na majukwaa manne: moja la wenye hasira, moja la wenye masikitiko, moja la waliokata tamaa, na la nne la wageni mashuhuri. Utaanzia ukuta wa shule na kuishia relini.

"Lakini huko ni kwetu," mtu mmoja akasema.

"Ndiyo maana yake," Waziri akajibu, machozi yakimlengalenga. "Tungeweza kujenga kwingine, kule kwenye mapori yetu mengi. Lakini hiyo ingekuwa dharau kwa shujaa wetu. Tumesema hapana, tumfuate kwake!"

Wakazi wote watahamishiwa Kilomita ya Tisini, akaeleza, mahali palipopewa jina hilo kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kupaita. Kila kaya itapata cheti cha shukrani chenye fremu. Wakati bado anasema, watu wa ardhi walikuwa wameshaanza kupita na ndoo za rangi nyekundu, wakichora alama ya X kwenye kila ukuta. Nyumba ya Mwalimu Siwema ilipigwa rangi mara mbili, kwa heshima.

Hakuna jirani aliyemtukana. Hilo ndilo lililomuumiza. Walimtazama tu, na mzee mmoja fundi viatu akamuuliza taratibu, bila ubaya wowote, "Mwalimu, hiki ndicho ulichokuwa ukikiomba siku zote?" Mwalimu Siwema alitafuta neno, akalikosa. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku polisi walipomvua viatu pale kituoni mbele ya wanafunzi wake wa zamani.

*

Jirani yake wa mlango wa pili alikuwa Mwajabu, mwanamke wa miaka hamsini hivi aliyeuza mihogo ya kukaanga, na aliyempelekea uji mahabusu mara zote arobaini na moja. Ni Mwajabu aliyelisema.

"Da Siwema, umekaa nje ya hilo lijumba lao miaka yote unapiga kelele. Nani kakusikia? Mara moja tu wamekusikia, na tazama walichofanya. Sasa ingia ndani."

"Niingie kwenye siasa? Mimi?"

"Kwani siasa ni kipindupindu? Uwanja hauwezi kujengwa mpaka upitishwe na baraza la madiwani. Kiti cha kata yetu kiko wazi. Kigombee, ukakae mle, ukatae."

"Mwajabu, mimi najua kukataa barabarani. Ndani mle sijui watu wanakataaje."

"Utajifunza. Mimi hii nyumba nimeijenga tofali kwa tofali baada ya kufiwa. Sina nyingine, na umri wa kujenga tena sina. Ingia, dada yangu."

Basi akachukua fomu. Chama tawala kilimsimamisha mgombea ambaye alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Hilo halikuwa kosa kisheria, maana fomu ya mgombea haikuwa na mahali pa kuuliza. Marehemu alifanya kampeni nzuri tu. Hakutoa ahadi ya uongo, hakutukana mtu, na picha zake zilikuwa na tabasamu. Wachambuzi wa redio walisema ana utulivu unaofaa uongozi. Mwalimu Siwema alimshinda kwa kura kumi na saba, na Tume ikakaa siku sita ikisubiri kama marehemu atakata rufaa.

Siku ya kuapishwa, aliyemfungulia mlango wa ukumbi alikuwa Afande Kitwana. Akapiga saluti, goti likalia.

"Karibu, Mheshimiwa."

"Kitwana, acha hizo."

"Siwezi kuacha, Mheshimiwa. Ni amri." Kisha akainamisha kichwa na kunong'ona, "Chai yako nimewaambia wasitie sukari."

*

Madiwani wapya walipewa semina elekezi ya siku tatu. Siku ya kwanza walifundishwa kukaa. Siku ya pili, kusimama Mstahiki Meya anapoingia. Siku ya tatu walipewa kitabu cha Kanuni na kuombwa wasikifungue, kwa kuwa gundi ilikuwa haijakauka.

Mwalimu Siwema alikifungua. Alikisoma kama alivyokuwa akisahihisha madaftari, kalamu mkononi, na kwenye Kanuni ya Kumi na Nne akasimama.

Inafaa nieleze, kwa sababu desturi hii haiko kwingine. Baraza lile halikupiga kura. Kura zilionekana zamani kwamba zinaleta mgawanyiko, kwa maana kila zilipohesabiwa walipatikana waliosema ndiyo na waliosema siyo. Badala yake hoja zilipitishwa kwa makofi. Hoja ikishasomwa, saa ya ukutani huanza kuhesabu dakika thelathini. Makofi yakipigwa ndani ya muda huo, imepita. Zikiisha bila makofi, imeanguka, na hairuhusiwi kurudi kwa miaka mitano. Na ili pasiwe na uonevu, Kanuni ikasema kwamba hoja inayohusu kata fulani, makofi ya kwanza lazima yaanzie kwa diwani wa kata hiyo au kwa wananchi wake walioko ukumbini. Wakishaanza wao, wengine wote huruhusiwa kufuata.

Mbinu iliyotumika siku zote ilikuwa rahisi. Viti sitini vya wananchi vilijazwa watu waliokusanywa kutoka sokoni, wakapewa barua za ukazi, kofia na soda, wakaambiwa wapige makofi. Kata nyingi zilikwisha kupoteza shule, makaburi na mto kwa namna hiyo.

"Basi ni hivi," Mwalimu aliwaambia majirani zake, wamekusanyika uani kwa Mwajabu kati ya masufuria. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, maana kwa mara ya kwanza maishani aliuona ushindi kwa macho. "Siku ya hoja ya uwanja twende mapema, watu sitini wa kweli, wenye barua za kweli. Tujaze viti vyote wasipate pa kuwaweka wa kwao. Na tukishakaa, hakuna kupiga makofi. Liwalo na liwe. Nusu saa tu."

"Nusu saa?" akauliza fundi viatu. "Bila makofi?"

Usicheke, msomaji. Hawa walikuwa watu waliozaliwa wakipiga makofi. Walipigia makofi bajeti, msafara wa magari, hata taarifa ya hali ya hewa. Mikono yao ilikwenda yenyewe. Wiki nzima wakafanya mazoezi pale uani. Mmoja alisimama na kuhutubia, wengine wakakaza vidole. Mwajabu aligundua kwamba dawa ni kukalia mikono.

*

Siku ikafika. Viti sitini vilijaa watu wa Bondeni tangu saa moja asubuhi, na wale wa sokoni wakabaki nje na kofia zao.

Karani akasoma hoja. Saa ikaanza kutembea.

Mstahiki Meya alikuwa hodari wa shughuli hii. Alianza na maendeleo. Kimya. Akataja wazee wetu waliotangulia, akalia kidogo, akajifuta kwa leso ya hariri. Kimya. Madiwani ishirini na tisa wa Chama walikuwa wameinua mikono tayari, viganja vikitazamana, wakisubiri Bondeni ianze. Dakika kumi zikapita. Meya akatangaza kwamba timu ya taifa imefunga bao. Kule nyuma mtu akaguna kwa uchungu, lakini hakuinua mikono. Meya akatangaza bao la pili. Akatangaza kwamba mvua itanyesha. Jasho likaanza kumtoka, kola ikalowa, na Mwalimu Siwema alipogeuka akawaona watu wake sitini wamekalia mikono yao, midomo imebanwa, kama watoto wanaosubiri sindano. Aliwapenda siku ile kuliko siku zote.

Zikabaki dakika tano.

Meya akanywa maji. Akatazama saa, akatazama kitabu, kisha uso wake ukalainika.

"Waheshimiwa," akasema, "tumefanya kosa kubwa. Tumezungumza sisi tu. Mheshimiwa diwani wa Bondeni, mwanamke aliyepigania sauti ya mnyonge maisha yake yote, hajasema hata neno. Nchi hii ina uhuru wa kujieleza. Mpeni kipaza sauti."

Karani akakileta, akakiwasha, akakiweka mbele yake. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

Kule nyuma Mwajabu alitikisa kichwa. Akatikisa tena, kwa nguvu. *Kaa*, midomo yake ilisema bila sauti. *Kaa, dada.*

Na Mwalimu Siwema alijua. Nisije nikamsingizia ujinga, alijua. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya dakika tano, na nyumba mia nne na kumi na mbili zingebaki zimesimama. Alijiambia atasema neno moja tu, sina la kuongeza, kisha atakaa. Akasimama. Lakini kwa miaka thelathini na minne hakuna mtu aliyewahi kumpa kipaza sauti. Alikuwa amezeeka akizungumza kupitia kopo la rangi na upepo na king'ora cha polisi. Akakohoa, akasikia kikohozi chake kikijaa ukumbi mzima, na watu wote wenye majoho wakageuka kumsikiliza.

"Mimi sikuomba uwanja," akasema.

Na akaendelea.

"Niliomba kusikilizwa. Mtu akiomba kusikilizwa hamjengei ukuta. Mnaiona nyumba namba mia na saba? Ramani yenu imeiita kizuizi. Mle ndani yuko fundi viatu aliyewashonea wanafunzi wangu viatu bure kila Januari ili wasirudishwe nyumbani. Namba mia mbili na kumi ni ya mjane aliyeijenga kwa mihogo. Kwa mihogo, waheshimiwa! Kila tofali ni sinia la mihogo alilosimama nalo juani. Kwenye mlango wake mmechora X. Mimi nilikuwa mwalimu. X tunamwekea mtoto aliyekosea jibu. Sasa niambieni, hawa wamekosea nini? Wamekosea kuishi?"

Sauti haikutetemeka. Ilitoka pana, safi, kama ilivyomjia ndotoni miaka yote ya mahabusu. Alisahau saa. Hata diwani mmoja wa Chama alionekana akijifuta jicho.

"Sisi si takataka ya kupelekwa Kilomita ya Tisini. Sisi ni watu! Na mtu, waheshimiwa, hata mkimhamisha mara mia, atageuka nyuma na kuuliza: kwa nini?"

Mwajabu alikuwa analia. Hakuwahi kusikia mtu akiisema nyumba yake hadharani, na ndani ya jumba lile, kwa kipaza sauti. Machozi yalimfika kidevuni, akainua mikono ayafute, na mikono ilipotoka chini ya mapaja yake ilikutana. Pa! Ikakutana tena. Fundi viatu akafuata. Kisha wote sitini wakasimama, wakapiga makofi kwa furaha, kwa uchungu, kwa wiki nzima ya kujizuia.

"Msipige!" akapaza Mwalimu. "Jamani, msipige! Mwajabu!"

Lakini taa ya kijani ilikuwa imeshazimwa. Akawapungia mikono miwili kuwazuia, nao wakadhani anawasalimu, wakazidisha. Madiwani ishirini na tisa wakajiunga, wakasimama na kupiga makofi kwa adabu kubwa, Mstahiki Meya akiwaongoza. Karani akatazama saa. Ilikuwa imebaki dakika moja na nusu. Akaandika kwa mwandiko mzuri: *Hoja imepita kwa makofi mengi, yaliyoanzia kata husika, mara baada ya hotuba nzito ya Mheshimiwa diwani.*

*

Jioni ile ile alipeleka barua ya kujiuzulu. Karani aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akasikitika.

"Mheshimiwa, diwani huwezi kujiuzulu mpaka mkutano wa wakazi wa kata yako ukuruhusu. Wakazi wasiopungua hamsini."

"Wakazi wanahamishwa Jumatatu."

"Basi itisha mkutano Jumanne," akasema karani, akamrudishia barua.

Jumatatu malori yalifika alfajiri. Bendi ilipiga, Waziri akakata utepe saa mbili asubuhi kabla ukuta wa kwanza haujaangushwa, kwa sababu alikuwa na utepe mwingine saa nne. Uwanja ukatangazwa kuwa umefunguliwa rasmi. Kisha matingatinga yakaingia. Watu walipanda malorini na magodoro, masufuria na vyeti vyao vyenye fremu. Mtu mmoja aliomba aachiwe mlango wake, akaambiwa mlango ni mali ya Uhuru wa Kujieleza.

Mwalimu Siwema alifunga nguo zake kwenye khanga, akalifuata lori la mwisho, akatia mguu kwenye gurudumu apande. Mkono ukamshika kiwiko.

"Shuka, Mheshimiwa," Afande Kitwana akasema. Hakumtazama usoni. "Sheria inasema diwani lazima akae ndani ya kata yake. Ukivuka reli ni utoro, nitalazimika kukukamata."

"Basi nikamate, Kitwana. Nakuomba."

"Ukikamatwa utarudishwa hapa hapa. Shuka, mama. Goti linaniuma."

Akashuka. Mwajabu alikuwa amekaa juu ya lori, mgongo kwenye sinia la mihogo, mikono yake miwili ameifunga kwa kitambaa kama mtu aliyeungua. Tangu siku ile ya ukumbini walikuwa hawajasemezana.

"Mwajabu," Mwalimu akaita. "Mwajabu, nisamehe."

Mwajabu aliinama juu ya ubao wa lori. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Ungesema vibaya kidogo tu, da Siwema," akasema. "Kidogo tu. Ningejizuia."

Lori likaondoka na vumbi likafuata.

Mwalimu Siwema alibaki amesimama kati ya vifusi, na hapo ndipo maneno yote yaliyokataa kumtoka siku zile yalipomtoka. Alisema juu ya mihogo na tofali, juu ya uji wa mahabusu, juu ya twiga, juu ya yeye mwenyewe na mdomo wake. Aliomba msamaha kwa kila nyumba, kwa namba yake. Alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka, na hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemwomba fomu. Uwanja ulikuwa umeshafunguliwa, na mahali pale palikuwa pake kisheria. Afande Kitwana alitafuta tofali zima, akakaa, akanyoosha goti, akamsubiri amalize.